Mninga Nyuma ya Nyumba Yako

Sikonge, Tabora

Mdogo wangu Editha,

Nakusalimu kwa upendo, wewe na wote hapo kijijini Mbingu. Mama mkwe miguu imepungua kuvimba? Mimi mzima, ila vumbi na moshi wa kuni vimenikausha sauti, wateja wangu wa chapati wanadhani nimenuna. Barua hii nimempa jirani anayekuja Ifakara, maana ile simu yenu husikilizwa na nyumba nzima.

Habari zako zimeniuma. Eti kwa kuwa mninga ulioupanda nyuma ya nyumba umenyauka tena kiangazi hiki, mama mkwe anasema una mkono mbaya, usiguse mbegu ya mpunga. Na wewe umekubali, unataka kuung'oa! Nilikasirika mpaka chapati zikaungua.

Sasa sikia. Nyuma ya kibanda changu kulikuwa na kijiti kikavu, chembamba kama kalamu. Nikataka kukitoa niweke jiko la pili. Nikavuta, wapi. Nikachukua jembe, nikachimba hadi magotini, nakuta mzizi mnene kama mhogo na bado unashuka. Mama Kulwa, mke wa mrina asali, akanikuta natoka jasho, akacheka mpaka akakaa chini.

"Wewe mama wa Ifakara, huo mninga. Ukiwa mdogo hukauka juu kila kiangazi, chini unaendelea. Mizizi ikishiba, ndipo unapanda juu."

"Baada ya miaka mingapi?"

"Wa kwangu nilichoka kuuangalia, ndipo ukakua."

Nikakukumbuka, nikalia, tena si kwa moshi. Shimo nimelifukia. Jiko nimeliweka upande wa pili.

Basi usiung'oe. Mwombe shemeji auzungushie miiba, mbuzi wasile machipukizi. Mama mkwe mpe shikamoo yangu. Simbishii, shamba lake ni lake. Lakini lile la Idete baba aliniachia mimi, na mwaka huu sitafuti kibarua wa kunilimia. Mvua zikianza, nenda ukapande wewe. Mbegu iko kwa shangazi, darini. Msalimie sana, naye nimeshamwambia: mtu mwingine asiiguse mpaka Editha afike.

Ni mimi dada yako,
Restituta