Heroe Tuliowakosa Jangwani

Jumapili, Hallunda, viungani mwa Stockholm. Mvua nyembamba tangu asubuhi, ile isiyonyesha wala kuacha. Begi la safari bado limekaa mlangoni halijafunguliwa, na mimi bado nina hasira.

Wiki nzima nimekwenda nayo kazini, nikawaogesha wazee wa watu huku nasaga meno. Ngoja niiandike, labda itapungua.

Mama yangu alikulia Magadi, Kenya, baba yake akifanya kazi kiwandani. Tulipokuwa wadogo hapa jirani, Fittja, hadithi yake ilikuwa moja tu: heroe, wale ndege wa rangi ya waridi wenye miguu kama fimbo, walivyojaa ziwani mpaka maji hayaonekani. Tangu amzike babu hataki kurudi huko. Na sasa sukari imeanza kumla macho. Daktari hakusema wazi, ila nilimwelewa: kama kuna kitu anatamani kukiona, tusichelewe. Mwenyewe anasema anaona vizuri tu, miwani ndiyo mibovu.

Mume wangu Pablo ni mtoto wa Wachile wa hapahapa Hallunda. Binamu yake alipooa kule Calama, Chile, tukamchukua na Mama. Baada ya arusi nikakata tiketi za safari ya siku moja ya jangwa la Atacama: tambarare za chumvi, maziwa ya chumvi, na mwisho kabisa ziwa la heroe. Hilo la mwisho ndilo nililolifuata. Mengine kwangu yalikuwa njia tu.

Kwangu jangwa ni joto. Basi makoti yote nimeyaacha yananing'inia Stockholm, nikaenda kutetemeka jangwani nimejifunga leso mbili. Kule juu milimani upepo unakata masikio. Pablo alicheka mpaka nikamnunia.

Ziwa la kwanza lilikuwa tupu. Maji ya buluu, chumvi nyeupe ukingoni, na mawe mekundu yamejipanga ng'ambo. Mama alisimama pale muda mrefu, mikono kifuani, akasema, "Asante Mungu." Nilidhani anashukuru mandhari.

Kisha tukasimama kunywa chai. Mwongozaji wetu, bwana mmoja mwenye filimbi shingoni, alituonya tuharakishe, ziwa la mwisho hufungwa mapema upepo ukizidi. Mama akatoa mandazi. Aliyapika alfajiri jikoni kwa shangazi wa Pablo, kopo zima, kwa sababu kwake yeye mtu hasafiri na watu halafu akala peke yake. Akampitia kila abiria, Wajerumani, Wabrazili, dereva, akiwashika mkono na kuwauliza habari za nyumbani kwa Kiswahili. Aliyekataa alibembelezwa. Filimbi ikalia. Mama akaanza raundi ya pili.

Tulipofika, mlinzi alikuwa ameshafunga mnyororo njiani.

Nililia kwa hasira, sioni haya kusema. Pablo, ambaye Kiswahili chake amefundishwa na Mama, akaniambia maji yakimwagika hayazoleki. Nikamgeukia Mama.

"Umeona sasa? Mandazi yako hayo!"

"Si tumeshawaona, Rehema?" akajibu, huku anakung'uta makombo kwenye leso.

Niliona ananituliza kama mtoto mdogo. Sikumsemesha mpaka tulipotua uwanja wa ndege wa Arlanda.

Leo nimekwenda kwake Fittja kwa kuwa sina budi, dawa zake ninazipanga mimi. Nimemkuta na jirani yake Mama Divine, Mrundi anayesali naye, anasimuliwa safari.

"Walikuwa wamejipanga ng'ambo ya maji, mstari mzima," Mama anasema. "Wekundu, wametulia, hata hawakuruka! Kama wale wa kwetu kabisa."

"Imana ishimwe, Mungu asifiwe! Uliwaona na macho yako?"

"Na macho yangu. Si umuulize huyu, tulikuwa naye."

Wote wawili wakanigeukia. Mama alitazama pembeni yangu kidogo, upande wa pazia.

Picha ninayo kwenye simu. Ni mawe.

Nimesema ndiyo, walikuwa wengi. Nikamaliza kupanga dawa nikaondoka bila kunywa chai, kosa ambalo Mama hasamehe haraka.

Hasira iko palepale, ila sijui sasa nimpe nani. Yule bwana wa filimbi? Mimi niliyenuna angani usiku kucha, pembeni ya mtu aliyekuwa ameridhika? Mwenzangu alishawaona ndege wake. Ndiyo maana hakuwa na haraka na mandazi.

Kesho kukicha napiga simu kliniki ya macho, na wakiniambia kuna foleni nitawasumbua mpaka wachoke. Tukifika wataniuliza nilijuaje kwamba haoni tena vitu vya mbali. Mama atakuwa ameketi hapo kando yangu, anasikia kila neno.

Nitawajibu nini?