Kiwanja kwa Jina la Hooyo

S.L.P. 214,
Garissa.
14 Juni 1998.

Mpendwa kaka Kadar,

Asalaam aleikum warahmatullah. Hujambo huko Tabora? Wifi Arbia na watoto wazima? Kikohozi cha Iftin kimekwisha? Nakuandikia kwa Kiswahili ili uwasomee wote, maana najua Kisomali chao kinaishia kwenye salamu. Sisi hatujambo, alhamdulillahi. Hooyo, mama yetu, goti limepoa, anatembea vizuri.

Habari kubwa ni ya makao. Tangu mafuriko ya mto Tana yabomoe nyumba yetu mwaka jana, tunakaa nje ya mji pamoja na wengine waliokimbia maji, katika kibanda cha fito na mikeka alichojenga Hooyo mwenyewe. Barua iliyopita sikukuambia tulivyoogopa kuondolewa. Sikutaka ukae na mawazo.

Mwezi wa tatu wakaja watu wa mipango ya mji. Tukadhani ndiyo siku yenyewe, nikaanza kufunga vyombo. Kumbe wanataka kupapima pawe mtaa, pawe na maji, shule na zahanati. Tulishangilia mpaka waliposoma ramani: viwanja themanini vikubwa, na kila atakayepewa ajenge nyumba ya mawe ndani ya miaka miwili. Kadar, sisi ni familia mia mbili na ushee. Nani kati yetu ana uwezo wa nyumba ya mawe?

Hapo Hooyo akasimama. Kiswahili chake unakijua.

"Wewe kijana, mama yako iko wapi?" akamwuliza afisa mkuu wao, mtu wa Meru.

"Yuko nyumbani, mama."

"Nyumba yake mlijenga siku moja?"

"Hapana. Tulianza na chumba kimoja cha udongo."

"Basi na mimi wacha nianze. Wewe leta mahali tu, usinifukuze. Mwaka huu chumba moja, mwaka kesho ingine."

Watu walicheka, lakini yule afisa hakucheka. Aliikunja ramani yake, na kwa wiki nzima akapita kibanda hadi kibanda akiuliza mko wangapi, mnaweza kujenga nini. Mimi nilikuwa namtafsiria nikitoka kufundisha. Kwa wajane alikaa chini kabisa, mkekani, akasikiliza.

Mwezi uliopita ramani mpya ikaletwa. Viwanja vimepunguzwa ukubwa, barabara za ndani ni nyembamba, na mtu anaruhusiwa kuanza na udongo na mabati. Kila familia imepata mahali. Mzee Gelle bado analalamika kwamba mbuzi wake hawana pa kulala, lakini hata yeye keshapanda ua wa miiba.

Sasa kuna jambo moja nataka ulisikie kutoka kwangu. Siku ya kuandikisha, mimi ndiye niliyemwambia karani, "Andika Kadar, ndiye mwanamume wetu." Hooyo akanishika mkono.

"Andika Rukiyo Warfa," akasema. Kisha akanigeukia kwa Kisomali: "Nyumba zote nilizojenga tangu niolewe ziliitwa za mtu mwingine. Hii iwe yangu."

Niliona haya, kaka, si kwa ajili yake, kwa ajili yangu. Miaka yote hii namwona akijenga, sikuwahi kujiuliza. Naomba usiumie moyo. Karatasi alipopewa aliishika kifuani njia nzima, na kusoma hajui.

Juzi tulikwenda kiwanjani. Akapima kwa hatua, akapanga mawe madogo kuonyesha kuta zitakapopita. Chumba chake, changu, halafu cha tatu, kikubwa kuliko vyetu. Nikamwuliza cha nani.

"Cha Kadar na mke wake na watoto," akasema. "Nataka wakija wakae kwao."

Kisha akaingia ndani ya mawe yale, akaketi mchangani, akaniambia nisogee kidogo, maana hapo nilipoketi nimekalia mlango wenu.

Msalimie sana wifi Arbia, na umbusu Iftin na Khalif. Shangazi Jawahir na jirani yetu Sharifo wanawasalimu. Hooyo anakuombea asubuhi na jioni. Mwenyezi Mungu awafunike kwa rehema zake, atukutanishe tukiwa hai na wenye afya.

Ni mimi dada yako nikupendaye siku zote,
Sahro