Tuta Alilobomoa Bibi Yako

Mjukuu wangu Masika,

Huku Bwera hatujambo; bibi yako yuko shambani anavuna maharagwe. Umeuliza kuhusu miraba miwili inayopakana kwenye uwanda wa namba changamano, mipaka yote ikiondolewa. Seti hiyo ni wazi, yaani kila nukta ina nafasi ndani yake pande zote. Lakini haijaungana: huvuki toka mraba mmoja hadi wa pili bila kukanyaga mpaka.

Ujanani nililima mpunga Mubuku, naye bibi yako alilima shamba la baba yake lililopakana na langu, tuta la udongo likiwa mpaka. Baba yake alinifokea, "Wewe, hapana kanyaga tuta yangu!" Bibi yako akachukua jembe, akabomoa tuta upana wa hatua moja.

"Sasa pita," akaniambia. "Tuta hakuna."

Baba yake alicheka hadi akaketi matopeni.

Vivyo hivyo, ukirudisha ndani ya seti kipande kama hicho cha mpaka wa katikati, bila ncha zake, seti inabaki wazi, tena inaungana. Sisi tulioana baada ya mavuno.

Babu yako