Jiwe Chini ya Kuku

Baba Kemuma,

~~Uji wako umo kwenye chupa.~~ Uji jipikie, unga uko kwenye debe. Ukimaliza kukamua, peleka maziwa mapema, na ndama umfunge vizuri.

Jana tukila uliniuliza ni mwanamke gani hapa Nyansiongo atanichagua niwe mwenyekiti wa chama chetu cha wanawake. Usiku nililia. Leo nimeamka macho yamevimba, nikaenda kwenye mtungi kuchukua lile jiwe langu la sabuni, la kutoka Tabaka, lenye umbo la yai, ambalo hulilaza majini lipoe ili nijikande uso. Halikuwamo!

Kumbe mama yako aliliona jana, akadhani nimeliosha ili nimdanganye nalo kuku asitage vichakani. Akaliweka kwenye kiota. Nimelikuta lina joto kama kiazi, na kuku akanidonoa mkono. Wewe ungecheka. Mama hakucheka. Aliniuliza macho yana nini, nikamwambia ulivyosema. Akalichukua jiwe, akashuka nalo mtoni, akarudi nalo likiwa baridi kama mvua ya mawe. Akanikanda mwenyewe, taratibu, mpaka uvimbe ukaisha.

Sasa uso wangu unang'aa, na kiti nakipata.

Kuku usimfukuze, anataga. Na mama usimtafute shambani. Amefunga kile kitambaa chake cha kanisani, tumeondoka pamoja. Anakwenda kunipigia kura.

Mama Kemuma