Tarehe Kumi, Mwezi wa Nne

Baba yangu,

Shikamoo. Najua huwezi kuitikia, lakini kukuandikia bila shikamoo kungeniuma zaidi.

Leo ni tarehe kumi, mwezi wa nne. Nimeamka hapa Sakina kabla mafundi wa jirani hawajaanza kugonga vyuma, nikaweka simu mezani, nikakaa. Kila mwaka ulinipigia kabla sijanywa chai: "Haya, mwenye siku yake, umeamka?" Kisha ungeanza habari ile ile, jinsi Mama alivyoshikwa na uchungu mvua ikimwagika, njia ya kutoka migombani hadi barabarani Kikatiti ikiwa tope tupu, nawe ukapoteza kiatu kimoja. Hicho kiatu nilikisikia mpaka nikakichoka. Leo ningetoa chochote nikisikie tena.

Unakumbuka tulivyojaza ule ukurasa wa ukoo? Elibariki, mtoto wa Baba Mdogo, aliutengeneza mtandaoni ili kila nyumba iandike watu wake. Tulikaa barazani, ukavaa miwani, ukaniamuru: "Andika kumi, halafu nne." Kwenye orodha ya ubatizo siku ilitangulia mwezi, kama tulivyozoea. Kwenye orodha ya kuzaliwa, kumbe, mwezi ndio uliotangulia siku, kumi yangu ikasomwa kama mwezi wa kumi, nikazaliwa upya tarehe nne Oktoba. Ulicheka hadi ukakohoa, maana Elibariki, wa mwezi wa saba mwaka uleule, alianza kunidai shikamoo.

"Waache na Oktoba yao," ulisema. "Mimi nitakupigia siku yenyewe."

Basi tukaiacha. Oktoba iliyopita, tulipokuwa tumekuzika majuzi tu, simu yangu ilijaa pongezi, picha za keki na baraka za mashangazi. Nilimjibu kila mmoja asante. Leo hakuna aliyenitafuta. Siwalaumu, wanasoma kilichoandikwa. Ila Mama alitangulia nikiwa mdogo, na sasa nimebaki peke yangu ninayeijua siku hii, na hata mimi naijua kwa sababu uliniambia wewe. Nina upweke, Baba. Nimeona niseme tu.

Asubuhi hii nikaamua kuirekebisha. Unajua utaratibu waliouweka wazee baada ya ule ugomvi wa nani mkubwa kwa nani: tarehe haibadilishwi mpaka mzee wa nyumba husika athibitishe kwa simu yake. Nikaandika mwezi kwa maneno, usije ukageuzwa tena. Nilipofika kwenye nafasi ya mzee wa nyumba, mkono ukaandika jina lako na namba yako, kwa mazoea, nikabonyeza.

Simu yako ikalia kabatini.

Huwa naichaji kila Jumapili nikitoka kanisani, sijui kwa nini. Nimeufungua ujumbe: "Je, unathibitisha kuwa binti yako alizaliwa siku hii? Jibu NDIYO au HAPANA." Ningeweza kujibu. Nani angejua? Nimeishika mpaka chai ikapoa, kisha nikairudisha kabatini. Hiyo NDIYO ilikuwa yako wewe kuisema.

Basi pumzika, Baba. Oktoba watanipongeza tena, nami nitasema asante.

Lakini siku yenyewe ni leo. Na nimeshaamka.

Binti yako