Diski ya Pili

Nyumbani, chumba cha nyuma
Jumapili, tarehe 9 Machi

Mpendwa mdogo wangu,

Hujambo huko uliko? Wifi yangu naye, goti limepona? Sisi tu wazima. Baba anakohoa kidogo, lakini kelele zake zimezidi, kwa hiyo usiwe na wasiwasi.

Diski mpya ya kompyuta uliyotuma ilifika. Ulisema nimwite mtaalamu. Wa nini? Linux, ule mfumo mpya wa kuendeshea kompyuta, nimeiweka mwenyewe, kwa mikono hii hii ya kushonea.

Kompyuta yetu unaijua: ukiiwasha, unachemsha chai na kuinywa kabla haijaamka. Lakini kwenye diski ya zamani kuna kitabu cha Baba cha useremala, miaka kumi na moja akikiandika kwa vidole viwili. Nakala hana, na hataki, eti kitaibiwa. Basi akavuta kiti nyuma yangu, fimbo mkononi: "Ukinipotezea ukurasa mmoja tu, utanitambua!"

Nilipofika mahali pa kuchagua diski ya kuwekea mfumo, nikasimama kwanza. Zote mbili zina ukubwa mmoja, na ukikosea, uliyoichagua inafutwa yote. Nikikata gauni la mteja, kitambaa cha mwingine hakikai mezani. Nikazima mashine, nikafungua kasha, nikachomoa waya wa diski ya Baba.

Mfumo mpya ukaingia salama. Nikarudisha waya, nikawasha, na ukaja ule ule wa zamani kama vile sikufanya kitu! Baba akacheka mpaka akakohoa. Mimi jasho. Kumbe mashine ilikuwa bado inaanzia diski ya kwanza; mazoea yana taabu. Nikaingia kwenye mipangilio yake, nikaitanguliza ya pili. Ikawaka hata sijashusha pumzi.

Humo humo nikafungua diski ya Baba. Akapitia kurasa zake moja moja hadi ya mwisho. Kisha akasema, "Fundi, nitolee nakala."

Fundi! Wewe umefungua injini miaka ishirini na Baba hajakuita hivyo hata siku moja. Nililia, sikufichi.

Msalimie wifi na wanangu wote, hasa yule mchokozi. Mungu awafunike kwa rehema zake na atukutanishe tukiwa hai.

Dada yako akupendaye,
Fundi