Dawa ya Papa Wilondja na Mbwa Wake

Baraka, Jumanne asubuhi

Kwa dada yangu mkubwa, Yaya Aluta, huko Kilembwe,

Pokea mkono wangu wewe kwanza, halafu na Mama umpe wa kwake. Mnaamkaje huko? Magoti ya Mama yamekubali kushuka mpaka mtoni, au bado mnamchotea maji? Na ule muhogo wa bondeni, ulipona ugonjwa wa majani au mliung'oa wote? Mimi mwili wangu ni mzima. Roho ndiyo inanisumbua, ndiyo maana barua hii itakuwa ndefu.

Motari mliyemtuma na unga alifika Jumamosi, tope mpaka masikioni. Alisema ametumia siku nne njiani, mbili kati ya hizo akisukuma pikipiki. Alinipa mfuko, akakaa juu ya jiwe, akawa anaangalia chini. Nikamuuliza kama kuna msiba. Akasema, "Hapana, mama. Lakini kule banasema wewe njo uliua ule muzee. Banasema ulipatia imbwa dawa yake, yeye akakufa." Akaongeza kwamba Mama hali vizuri tangu asikie.

Yaya, maneno hayo si uongo mtupu, wala si kweli yote. Acha nikueleze vile ilikuwa. Utachagua mwenyewe ya kumsomea Mama.

Unajua kwamba mwaka wa tano huu nilikuwa kwa Papa Wilondja, nikimpikia na kumfulia. Alikuwa muganga wa hospitali zamani, wale wa kuchoma sindano na kufunga vidonda, na hapa Baraka watu wengi walipita mikononi mwake. Mke wake alikufa kabla sijafika. Mtoto wake mmoja aliyebaki, Alimasi, anakaa Uvira. Kwa hiyo katika lupango lile, ndani ya ua wake, tulikuwa mimi, mzee, na mbwa wake mmoja mkubwa wa manyoya mekundu, jina lake Batasema.

Mzee alikuwa na ugonjwa wa sukari. Alijichoma insulini asubuhi na jioni. Sasa, mwaka jana tuliona Batasema naye anakunywa maji kama shimo. Anamaliza beseni, anakojoa mpaka ndani ya nyumba, na mwili unaisha ingawa anakula. Siku moja mzee akainama uani, akaona sisimizi wamejaa pale mbwa alipokojoa. Alichukua kile kimashine chake cha kupima sukari, akamtoboa mbwa sikio kidogo, akapima damu. Akacheka, lakini si kicheko cha furaha. Akaniambia, "Nyassa, imbwa iko na ugonjwa yangu."

Tangu siku ile alianza kumgawia dawa yake. Kila mmoja alikuwa na sindano yake. Macho ya mzee yalikuwa yameanza ukungu, hakuona tena vimistari vya sindano, basi mimi ndiye niliyefundishwa kuvuta dawa kutoka kwenye chupa. Chupa tuliiweka ndani ya chungu chenye mchanga uliolowa, kwenye kivuli, kwa sababu hatukuwa na frigo ya kuipoza. Nilijifunza kumlisha mbwa kwanza, bugali kidogo na vichwa vya samaki, halafu kuinua ngozi ya shingo yake na kuingiza sindano pale. Hakunung'unika hata siku moja. Alipoanza kupofuka na yeye, nilimwongoza kwa kamba mpaka chini ya mpapai akakojoe. Nilimpangusa macho kwa maji ya uvuguvugu. Siku nyingine akigonga kichwa kwenye mlango, alisimama pale pale, akingoja mtu amwambie njia iko wapi.

Majirani walicheka, wengine walikasirika. Mzee aliwajibu jibu moja tu. Mara mbili sukari yake ilishuka akaanguka, mara moja njiani kwenda chooni, na mara zote mbili mbwa huyo alibweka mlangoni kwa watu mpaka wakatoka. "Ninyi mulikuwa munalala," aliwaambia. "Yeye aliniita."

Halafu vita vikafunga barabara ya Uvira. Magari yaliishia Makobola, halafu hata huko hayakufika. Alimasi ndiye aliyekuwa akituma dawa, na sasa hata huko Uvira ilikosekana. Kwenye kituo cha afya walisema hawana, wanangoja kama sisi. Tulibaki na chupa mbili.

Wakati huo ndipo alipokuja Spesi. Ni mwanamke wa Burundi, mkimbizi, umri wake kama wangu. Analima shamba la watu na kuuza mboga za lengalenga. Alikuwa amekonda, midomo imepasuka. Kumbe naye ana ugonjwa huohuo, na dawa ilimwishia wiki ile. Alipiga magoti mbele ya mzee. Mzee alimpima bila kumwomba kitu, akamwambia, "Mama, iko juu sana."

Spesi akasema, "Papa, nigawie hata kidogo. Nasikia hata imbwa anapata."

Mzee alikifunga kimashine chake. Halafu akasema, "Nikikata dawa mara tatu, tutakufa bote batatu. Nisamehe, mama. Mi sina."

Yaya, nilimsindikiza yule mwanamke mpaka nje. Hakulia. Aliniuliza tu kama anaweza kukaa chini kidogo, miguu ilikuwa imemkataa. Alikaa kwenye vumbi nje ya ua wetu, na ndani nikamsikia mzee akimwita mbwa kwa sauti ya upole. Nilimhukumu mzee pale pale. Nilisema moyoni, huyu amekuwa mtu wa namna gani?

Hili linalofuata, hapa analijua Spesi peke yake. Na kwa Mama usilisome.

Kesho yake nilianza kuvuta maji katika sindano ya mbwa. Maji tu, yaliyochemshwa. Sehemu yake niliivuta kwa sindano nyingine, nikaificha ndani ya kitenge. Spesi alikuja na lengalenga zake asubuhi na jioni, tukaenda nyuma ya jiko, akajichoma. Ilikuwa kidogo kwake, lakini ilimtosha kusimama. Mzee nilimvutia dawa yake yote, sikupunguza hata tone. Niliapa moyoni kwamba yeye sitamwibia.

Katika wiki moja Batasema alianza kurudi nyuma. Beseni likawa halimtoshi. Sisimizi wakarudi. Mifupa ya mgongo ikaonekana. Mzee alimpapasa mbavu akaniuliza, "Unamuchoma vizuri?"

Nikasema, "Ndiyo, Papa."

"Pengine dawa imeharibika na joto."

Nikasema, "Pengine."

Huo ndio uongo wangu, Yaya. Neno moja, na nililisema huku namwangalia usoni, kwa sababu nilijua haoni vizuri.

Halafu likatokea jambo ambalo sikulielewa. Mbwa akaanza kupona. Aliacha kunywa sana. Siku moja nilimkuta amesimama chini ya mpapai peke yake, mkia unatikisika. Nilifurahi, Yaya! Nilisema, Mungu ameona shida yangu, anamponya mbwa kwa maji. Nilikwenda hata kwenye maombi ya wamama, nikatoa shukrani bila kusema ni ya nini.

Wakati huohuo mzee akawa anakonda. Alikunywa maji mpaka nikawa nateka mara mbili zaidi. Kidole cha mguu wake kikatoka kidonda. Nilidhani ni malaria. Nilimpikia uji, akala vijiko viwili.

Asubuhi moja nilimpa sindano yake kama kawaida, akaenda nyuma ya pazia la chumba chake kujichoma tumboni, kama kawaida. Mimi nikarudi jikoni. Nikakumbuka nimesahau kumpa chumvi ya uji, nikamfuata. Pazia lilikuwa limefunguka upande. Mzee alikuwa amepiga magoti chini kando ya kitanda. Mkono mmoja umeinua ngozi ya shingo ya mbwa. Mkono wa pili unasukuma sindano, ile niliyotoka kumpa sasa hivi, akiisukuma polepole mpaka nusu. Halafu akakaa chini sakafuni, akafungua vifungo vya shati, akajichoma iliyobaki.

Sikuingia. Nilisimama na chumvi mkononi. Nilielewa yote kwa mara moja, Yaya: mbwa alipona kwa dawa ya mzee, si kwa maji yangu.

Mchana wa siku ile alianza kutapika. Pumzi yake ikawa ndefu na nzito kama ya mtu aliyepanda mlima na gunia, na ilinuka ndizi zilizoiva kupita kiasi. Vijana wa jirani walinisaidia kumpeleka kituo cha afya kwa pikipiki, mimi nyuma nikimshika. Nilichukua na chupa. Wale waganga walihangaika naye, sitasema uongo juu yao. Walimtundikia maji, wakatumia dawa yetu. Lakini kidonda kilikuwa kimeshaingia ndani ya damu, na figo zilikuwa zimechoka.

Siku ya pili alipata nguvu kidogo ya kusema. Nilikuwa namlowesha midomo kwa kitambaa. Akasema, "Nyassa. Insulini inanuka."

Nikamwambia, "Papa, pumzika."

"Inanuka dawa. Miaka yote ile nimeishika. Ile ya imbwa haikunuka kitu. Ilikuwa mayi."

Nilimshika mkono nikainamisha kichwa kitandani.

"Ulikuwa unapelekea nani?"

"Ule mama wa Burundi, Papa. Spesi."

Alifumba macho mpaka nikadhani amelala. Halafu akauliza, "Iko muzima?"

"Iko, Papa. Anatembea."

"Basi," akasema. Baada ya pumzi tatu nne akaongeza, "Lakini ungeniambia. Ungeniambia tu." Hakuwa na hasira. Ingekuwa afadhali angenitukana.

Alikufa kesho yake, alasiri, nikiwa nimetoka kutafuta maji ya kumwosha.

Alimasi alifika kwa boti siku ya tatu ya matanga. Watu walikuwa wameshamwambia yao. Aliniita mbele ya wazee wa ukoo wao, wamekaa kwenye viti vya plastiki, akaniuliza, "Mama Nyassa, ni kweli papa alikuwa anagawia imbwa dawa yake?"

Nikasema, "Ni kweli."

"Na wewe ulikuwa unaona?"

"Kumgawia sindano yake mwenyewe, niliona siku ya mwisho."

"Nani alikuwa anavuta dawa?"

"Ni mimi."

Mzee mmoja akatema mate chini. Yaya, ningeweza kuongea pale. Lakini ningesema habari yote, wangetoka kwenye viti vile kwenda moja kwa moja mlangoni kwa Spesi. Yeye ni mkimbizi, hana ukoo hapa wa kusimama mbele yake. Nikafunga mdomo. Alimasi alinipa mpaka Jumapili niwe nimetoka. Hakunipiga, hakunitukana. Alikuwa analia kama mtoto, na sina la kumlaumu.

Mbwa hakuna aliyemtaka. Nilitoka naye, na nguo zangu nimezifunga kwenye kitenge, na ile chupa, maana hakuna aliyeiuliza. Spesi alinipokea kwake, nyumba ya matope yenye turubai la plastiki juu. Hapo ikabidi nichague tena, safari hii bila kujificha. Nilimwambia Spesi, dawa yote ni yako. Akasema tumgawie mbwa japo kidogo. Nikakataa. Nilishaona kugawa kunafika wapi.

Batasema alikaa siku nane. Hazikuwa siku nzuri. Alikunywa kwenye ndoo mpaka miguu ya mbele ikateleza, akatapika yote. Halafu hakuweza kusimama. Nilimgeuza asipate vidonda, nikamfukuzia nzi, nikamwambia mambo ambayo sikumwambia mzee wake. Alikuwa akisikia sauti yangu anainua sikio moja. Siku ya nane sikio halikuinuka.

Nilichukua jembe. Spesi akaninyang'anya. "Mi njo nilikula dawa yake," akasema. "Acha nimuchimbie." Alichimba shimo la kina cha kiuno, mtu ambaye mwezi mmoja nyuma hakuweza kupanda kizingiti cha nyumba. Tulimlaza, tukamfunika kwa majani ya migomba. Hakuna aliyeomba. Sikujua kama inaruhusiwa.

Basi umesikia. Motari aliniambia mnataka nirudi nyumbani. Natamani, Yaya. Lakini Spesi akibaki peke yake atapunguza dawa ili idumu, na mimi nimeona mtu akipunguza. Chupa hii ikifika Jumatano ya wiki ijayo imeisha.

Ndiyo maana nakuomba. Kule Misisi, kwenye machimbo ya dhahabu, wako wauza dawa wanaopokea bidhaa kutoka upande wa kusini, ambako barabara haijafungwa. Nimeandika jina la dawa kwenye karatasi ndogo ndani ya barua hii. Mwombe shemeji apite kwao wote, asikubali kuambiwa "hakuna" na mmoja tu. Ikipatikana hata chupa moja, muifunge kwa kitambaa kilicholowa ndani ya kibuyu, motari aibebe kifuani. Asiiweke karibu na injini, na akipumzika apumzike kivulini.

Nisalimie Mama, umwambie mtoto wake hakuua mtu kwa kupenda. Msalimie shemeji katekista, na mjomba mfua majembe, na mama mdogo aliyetulea baba alipokufa. Wabusu watoto wako, yule wa mwisho kwanza. Spesi naye anawasalimu, ingawa hamjamjua.

Mimi mdogo wako,
Nyassa

Kama Misisi hakuna, usiniandikie maneno ya kunituliza. Nitumie neno hilo moja haraka, nijue naingia boti ya Kalemie kuitafuta huko.